Usiseme shahidi ni mmoja, uliza taa ilikuwa wapi

Msomaji wa Sengerema ameuliza: kaka yake ametiwa hatiani kwa mauaji na Mahakama Kuu, Mwanza, kwa neno la shahidi mmoja aliyeona usiku. Je, hoja ya "shahidi ni mmoja" itamtoa?

Haitamtoa. Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminika anatosha, hata kama adhabu ni kunyongwa. "Shahidi ni mwongo" nayo ni hoja nyepesi, kwa sababu anayekosea sura mara nyingi anasema kwa moyo safi kabisa.

Kwanza notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Aliye gerezani huikabidhi kwa mkuu wa gereza. Kisha tafuta mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani hupitia upya ushahidi wote, lakini huupitia kwenye karatasi. Kisichoandikwa humo kwao hakipo.

Kipimo ni kile cha kesi ya Waziri Amani ya 1980: ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Alimwona kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga upi? Alimfahamu kabla?

Kwenye mwanga ndiko kesi nyingi zinakovuja. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Kibatari, balbu ya nje, taa ya sola na karabai haviangazi sawa. Mwenendo uonyeshe aina ya taa, ilipowekwa, chumba kilikuwa kikubwa kiasi gani, na mvamizi alisimama upande gani wake. Tochi ndiyo mtego: ikiwa mkononi mwa mvamizi na kummulika shahidi usoni, anayeonekana vizuri ni shahidi. Mbalamwezi je? Kandokando ya Ziwa Victoria kila mtu anajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo. Mawakili wangapi wa utetezi humuuliza shahidi usiku ule mitumbwi ya dagaa ilikuwa majini au imepumzika? Wachache mno, na inaudhi, kwa sababu swali hilo mahali pake ni kwenye dodoso, pale utetezi unapomhoji shahidi wa mashtaka. Ukifika kwenye rufaa, ushahidi mpya hauingii bila ruhusa na sababu ya kutosha.

Baada ya taa, tafuta jina lilitajwa lini. Yowe likipigwa, wa kwanza kufika ni majirani, sungusungu na mwenyekiti wa kitongoji. Je, shahidi aliwatajia mtu palepale? Na wao walikuja mahakamani kuthibitisha? Kesi ya Marwa Wangiti Mwita inasema kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa ni dhamana kubwa ya kuaminika kwa shahidi, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuishtua mahakama. Jina likionekana kwa mara ya kwanza polisi siku ya tatu, hiyo ndiyo sababu yako ya rufaa, na uiandike na ukurasa wake. Ila maelezo ya polisi yasiyopokelewa kama kielelezo huwezi kuyaegemea, hata uwe na nakala mkononi.

Kama mtuhumiwa alikuwa mgeni kwa shahidi, angalia gwaride la utambuzi, pale shahidi anapomchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari. Shahidi alipaswa kwanza kueleza wajihi wa mtuhumiwa: kimo, rangi, mavazi. Bila hayo gwaride halina uzito, na kumnyooshea mtu kidole kizimbani bila gwaride kuna uzito mdogo zaidi. Kwa jirani gwaride halina kazi. Hapo kumbusha tu kwamba hata ndugu wa karibu hufananishwa.

Lakini ukikuta ilikuwa mchana, hatua 3, mtu anayemfahamu miaka mingi, na akamtaja kwa mwenyekiti dakika zilezile, usipoteze kurasa 10 kwenye utambuzi. Hamia kwenye nia ovu, yaani kama alikusudia kuua: silaha gani, mapigo mangapi, sehemu gani ya mwili, maneno gani yalisemwa, kulikuwa na ugomvi wa ghafla? Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni moja tu, kifo. Kuua bila kukusudia hufikia kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji ana nafasi ya kupima.