Mashavu yanawaka nikikaa jikoni

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 38, nakaanga vitumbua Makorora, Tanga. Huu mwaka wa pili mashavu na pua vinawaka kama nimepakwa pilipili, na vipele vya usaha vinatoka. Nilidhani chunusi. Jirani akaniuzia krimu ya kopo isiyo na lebo. Wiki mbili uso ukatakata, kisha ikarudi vibaya zaidi. Zahanati wameniambia ni rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso. Wateja wananikimbia wakidhani naambukiza. Biashara siwezi kuiacha. Nifanyeje?
Mama Vitumbua

JIBU: Marahaba mwanangu. Wateja wako waambie bila kuona haya: rosasea haiambukizi, wala haitokani na uchafu.

Nami ninayo, mwaka wa 12 sasa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi kwa urahisi, ndiyo maana wengi tunaambiwa ni chunusi. Mimi huijua kwa kiganja: nikigusa shavu nakuta joto, kama sufuria iliyoepuliwa punde, na ngozi inachonyota.

Hiyo krimu ndiyo inayonitia hofu. Za namna hiyo mara nyingi zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Uso hutulia siku chache, halafu rosasea inachochewa upya. Ukiiacha ghafla uso unaweza kulipuka kwa muda, kwa hiyo nenda Hospitali ya Bombo na kopo lako mkononi, uombe kuonana na daktari wa ngozi. Zipo dawa za kupaka na za kumeza zinazotuliza, ingawa ugonjwa wenyewe hauishi moja kwa moja.

Sasa jiko. Adui yako mkubwa ni joto la mkaa. Kaa upande upepo unakotokea, ili mvuke na moshi vikuepuke. Kijiti cha kugeuzia kiwe kirefu, usikiinamie kikaango. Weka kando bakuli la maji baridi na kitambaa, ukijikanda uso na shingo kila ukimaliza awamu. Jua likipanda, vaa kofia pana, na upake mafuta ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi. Yale ya zinki huwa hayachonyoti sana.

Chai usiiache, ila iache ipoe. Kinachowasha uso ni moto wake. Mimi niliandika kwenye daftari la shule mwezi mzima: nimekula nini, nimeoga maji gani, uso umewaka saa ngapi. Pilipili na maji ya moto ya kuoga vikajitokeza wazi. Samaki niliyemsingizia miaka yote hakuwamo. Wewe utakuta vyako.

Singo na kujisugua kwa dodoki usoni acha kabisa, hata kukiwa na harusi. Nawa kwa vidole, maji vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, ukaushe kwa kubonyeza taulo taratibu.

Na macho yakikukereketa kama yameingia mchanga, usingoje siku ya kliniki. Rosasea huingia machoni pia, na huko inaweza kudhuru uoni.