Kompyuta ikilala haiamki tangu iapdeti? Usikubali kupigiwa Windows kwanza

Wakuu, kuna kitu kinaendelea huku kwetu Mbeya na kinaniuma kweli. Mtu kompyuta yake ya mezani ilikuwa nzima kabisa, ikajiapdeti usiku, kesho yake kaenda kunywa chai akirudi anakuta kioo cheusi, anabonyeza kibodi wapi, anatikisa mausi wapi, feni inasikika inazunguka lakini hakuna kitu, mwisho anashikilia swichi mpaka izime. Ikimfanyia hivyo siku mbili tatu anaibeba kwenye bodaboda mpaka Mwanjelwa kwa fundi, na fundi hata hajaichomeka anasema "hii tuipige tu Windows upya". Inafutwa na kuwekwa upya, hela inalipwa, na mara nyingi vya kwenye desktopu na Documents vyote vimeenda, mitihani ya mwalimu, hesabu za duka, picha za msiba. Halafu kompyuta ikishapata intaneti inashusha tena zile apdeti zilezile na draiva ileile (draiva ni kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuongea na kifaa), na ugonjwa unarudi palepale.

Mimi nina steshenari, mashine zangu zinashinda zimewaka toka asubuhi, na pembeni natengeneza za watu, kwa hiyo hili tatizo nimelala nalo na kuamka nalo. Ninachotaka kusema ni kimoja: tatizo la kulala na kuamka mara nyingi sana halihitaji kupiga Windows, linahitaji ujue kwanza mashine yako inashindwaje kuamka. Ukishajua hilo, nusu ya kazi imeisha.

Tuelewane kidogo hapa. Kompyuta ikilala kwa ule usingizi wa kawaida wa mashine za mezani, karibu kila kitu kinazimwa, prosesa, diski, feni, kadi ya picha, inabaki RAM tu, ile kumbukumbu ya muda, inapewa umeme kidogo ili isisahau ulichokuwa unafanya. Ukiigusa iamke, Windows inaanza kukiita kila kifaa kimoja kimoja kupitia draiva yake, kadi ya picha, kadi ya mtandao, matundu ya USB, diski. Draiva moja isipoitika vizuri basi zote zinakwama hapo zinaisubiri. Sasa apdeti za Windows haziji na viraka vya usalama peke yake, huwa zinakuja na draiva pia, na unaweza kukuta draiva iliyokaa kwenye mashine yako miaka imebadilishwa usiku ikawekwa nyingine ambayo kuwasha inawasha vizuri, kuprinti inaprinti vizuri, ila kuamka toka usingizini haijui. Ndo maana mtu anasema "lakini ikiwaka inafanya kazi fresh". Ndiyo, itafanya, kwa sababu kuwaka ni jambo lingine na kuamka ni jambo lingine.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ikigoma, USIIZIME. Najua mkono unawasha kwenda kwenye swichi ila subiri. Bonyeza Caps Lock uangalie kile kitaa cha kwenye kibodi. Kuna mwalimu wa sekondari maeneo ya Uyole alinipigia jioni moja, sauti imekata tamaa kabisa.

"Fundi, imekufa tena, na sijasevu."

"Mwalimu shikamoo. Usiizime kwanza. Bonyeza Caps Lock, kitaa kinawaka?"

"Marahaba. Kinawaka... nikibonyeza tena kinazima."

"Basi haijafa. Shikilia kitufe cha Windows, Ctrl na Shift, vyote vitatu kwa pamoja, halafu gonga B mara moja."

Kimya kidogo, nikasikia mlio mfupi kwenye spika zake, halafu mwalimu akapiga kelele, "Eeh! Imerudi! Mitihani ya fomu tuu hii hapa!"

Ile kombinesheni inairistati draiva ya kioo peke yake bila kugusa kazi zako. Kwa hiyo kitaa kikiitika na kioo kikarudi kwa njia hiyo, ushajua mgonjwa ni nani, ni draiva ya kadi ya picha, sio Windows nzima, sio RAM, sio diski. Kwa mwalimu tulisevu kwanza kila kitu kwenye flashi (hii usiiruke hata kama una haraka), tukaingia Device Manager (orodha ya vifaa vyote ndani ya Windows), Display adapters, Properties, kwenye Driver tukabonyeza Roll Back Driver, ikarudi ya zamani na usingizi ukatulia. Kile kitufe ukikikuta kimefifia hakibonyezeki maana yake draiva ya zamani haipo tena, hapo nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, andika modeli iliyoko kwenye stika ya boksi, shusha draiva ya modeli hiyo. Tafadhali sana usishushe hizi programu zinazojitangaza zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, nyingi zinakuletea matangazo na mabalaa mengine, na nimeshasafisha mashine nyingi zilizoharibiwa na hayo kuliko zilizoharibiwa na apdeti yenyewe.

Kama kitaa cha Caps Lock hakiitiki kabisa, mashine yenyewe imeganda. Hapo zima kwa swichi, huna namna, ila ikiwaka usikimbilie kazi, andika kwenye kutafuta neno Event Viewer, fungua Windows Logs halafu System. Tafuta mstari wa Kernel-Power wenye namba 41. Watu wakiuona huo wanaingia presha wanadhani ndo ugonjwa wenyewe, hapana, 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Cha maana kiko ndani, bonyeza Details utafute BugcheckCode. Ikiwa 0 maana yake hakuna kioo cha buluu (kile cha Windows ikianguka) kilichorekodiwa, aidha iliganda ukaizima mwenyewe au umeme ulikatika. Ikiwa 159, hiyo kwa lugha ya mafundi ni 0x9F, na 0x9F ni draiva iliyoshindwa kubadilisha hali ya umeme, yaani kulala au kuamka. Ukiiona 159 huna haja ya kubishana na mtu yeyote kuhusu kupiga Windows, kuna draiva inatafutwa tu. Anza na ya picha, kisha ya mtandao, kisha vitu vya USB ulivyochomeka. Na mistari ya chini yake utakuta Kernel-Power namba 42 ambayo ni saa mashine ilipoenda kulala, linganisha na saa ulipoikuta imekufa.

Sasa kuna kitu kinaitwa Fast Startup, kimekuwepo tangu Windows 8 mwaka 2012 na kinawachanganya watu mno. Ukibonyeza Shut down wakati Fast Startup imewashwa, Windows haizimiki yote, kiini chake pamoja na draiva kinahifadhiwa kwenye diski halafu kesho kinarudishwa kilekile. Kwa hiyo draiva iliyochanganyikiwa jana unaweza kuamka nayo leo imechanganyikiwa vilevile, na wewe unasema "mbona nimeizima na kuiwasha?" Restart ndiyo inayosafisha. Baada ya apdeti yoyote bonyeza Restart hata kama haijakuomba. Na Fast Startup yenyewe izime, Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bonyeza yale maandishi ya juu yanayofungua setingi zilizofungwa, ondoa tiki. Angalia hata kama uliiondoa zamani, maana apdeti kubwa nimeikuta imerudisha.

Utakuta watu wanashauri ufungue Command Prompt (dirisha la kuandika amri) uandike powercfg /h off na yaishe. Mimi hapo siungi mkono kwa mazingira yetu. Amri hiyo inaizima Fast Startup ndiyo, ila inaondoa na haibaneti (kazi zinaandikwa kwenye diski na mashine inazimika kabisa) na ule usingizi mseto ambao kwenye mashine za mezani unaandika kazi zako kwenye diski kabla ya kulala. Sisi umeme unakatika, hasa mvua zikishaanza. Mashine iliyolala kawaida umeme ukikata RAM inasahau kila kitu, ila iliyolala kwa usingizi mseto unarudi unakuta kazi yako ipo. Kwa nini uutupe huo msaada? Ondoa tiki ya Fast Startup peke yake, inatosha.

Kama draiva ya picha na Fast Startup havikuleta nafuu, nenda kwenye matundu. Chomoa vyote vya USB, printa, skana, flashi, dongo ya waifai, bakiza kibodi na mausi tu, ilaze kwa mkono, hesabu dakika kadhaa, iamshe. Ikiamka vizuri rudisha kimoja kimoja huku ukiilaza na kuiamsha kila mara. Inachosha najua, ila usirudishe viwili kwa pamoja, na kila ulichobadilisha andika kwenye karatasi. Kifaa kinachosumbua ukishakipata, ingia kwenye Device Manager na kwenye USB Root Hub kichupo cha Power Management uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kukizima ili kubana umeme.

Inayojiamsha yenyewe usiku wa manane hiyo ni nyepesi, andika powercfg /lastwake kwenye Command Prompt itakutajia aliyeiamsha, mara nyingi ni kadi ya mtandao au mausi.

Sasa tuje kwenye chuma, maana sio kila kinachotokea baada ya apdeti kimeletwa na apdeti. Dalili ni hii: unaigusa iamke, inaamka kwa kuanza upya kabisa, inaleta nembo ya kampuni kama imewashwa asubuhi, kazi zote hazipo. Hapo RAM ilipoteza umeme ikiwa imelala. Angalia pawasaplai kwanza, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani. Ndani yake kuna laini ya volti 5 ya akiba inayofanya kazi hata mashine ikiwa imelala, na hizi sipiyu (maboksi ya kompyuta) tunazonunua zimetumika huko Ulaya miaka kibao, kapasita za laini hiyo zimechoka. Ikiwa macho inapata umeme kwenye laini kubwa na huoni shida, ikilala ndo inaonekana. Badilisha pawasaplai kwa kuazima ya mwenzako ujaribu usiku mmoja, usinunue kwa kubahatisha. RAM nayo itoe, sugua yale meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli taratibu, ipulize, irudishe mpaka ibane vizuri pande zote mbili, kisha andika mdsched kwenye kutafuta uache Windows iipime. Vumbi la kiangazi linaingia kila mahali, ukifungua boksi utashangaa.

Kuna kundi lingine naliona zaidi siku hizi. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wakaambiwa hama, na mashine zao za zamani hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11) wala prosesa zinazokubalika, maana kwa Intel zinaanzia kizazi cha 8. Fundi akapitisha Windows 11 kwa njia za panya. Inawaka, inapendeza, ila kadi ya picha ya zamani haijatengenezewa draiva ya Windows 11 kwa hiyo inatumia ya kuazima, na kwenye kulala ndo inakwama. Hapo sitakudanganya, unaweza kuhangaika na usipate dawa. Kama umepandisha karibuni na hazijapita siku 10, kwenye Settings upande wa Recovery kuna Go back, bakapu kwanza halafu irudishe. Zikishapita, izuie tu isilale: Power Options, Sleep weka Never, acha monita izimike yenyewe, ukifunga ofisi izime kabisa. Uniti za LUKU zitaenda zaidi kidogo kwa sababu mashine iliyo macho inakula makumi ya wati na iliyolala inakula wati chache tu, ila kazi yako itakuwa salama.

Wa Ubuntu (mnaotumia mfumo huo badala ya Windows) kwenu ni rahisi zaidi, ikiwa inawaka ingia kwenye menyu ya GRUB inayokuja mwanzoni, Advanced options, chagua keneli (kiini cha mfumo) ya nyuma. Ikilala na kuamka vizuri na hiyo, baki nayo mpaka ije mpya nyingine.

Na hizi apdeti zenyewe msizifungie moja kwa moja, nawaomba, mashine inayoingiza flashi za kila mtu bila viraka vya usalama ni hatari kwako na kwa wateja wako. Zipangie muda. Mimi msimu wa maombi ya mkopo na vyuo, foleni ya wanafunzi imefika barabarani, nabonyeza Pause kwenye Windows Update, inaruhusu mpaka wiki 5, na hotspoti ya simu naiwekea Metered (intaneti ya kupimwa) isinimalizie bando. Foleni ikipungua, Jumamosi jioni nachukua bakapu kwenye diski ya nje, natengeneza restore point (alama ya kurudishia Windows ilivyokuwa), naiachia ishushe zote, naristati, halafu kabla sijafunga mlango nailaza na kuiamsha papohapo nikiwa nimeisimamia. Ikigoma, kwenye Update history kuna Uninstall updates, naondoa ya mwisho, na Jumatatu wateja wanakuta mashine inafanya kazi.