Jibu: Aktea kwa mbegu – joto KWANZA, friji baadaye, na usithubutu kumwaga trei

Mkuu mleta mada, kaitoe hiyo trei kwenye friji kwanza, halafu urudi usome. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema umeatika mbegu za aktea (Actaea racemosa, ile ndefu yenye mishumaa ya maua meupe), pakiti imekuelekeza uzikalishe friji wiki sita kisha uzilete kwenye joto, na zisipoota ndani ya mwezi utamwaga udongo ujaribu aina nyingine. Nilipofika kwenye "nitamwaga" nikashindwa kunyamaza. Nilimwaga mimi, na mpaka leo nikikumbuka nasaga meno.

Nilifuata pakiti neno kwa neno. Friji, kutoa, joto, maji ya kunyunyiza, kuchungulia asubuhi na jioni. Hakuna kitu. Juu ya udongo umeota utando wa kijani, jirani anapita anauliza kama siku hizi nafuga mchanga. Nikavumilia, nikavumilia tena, siku moja nikachoka nikaipindua trei juu ya lundo la mboji. Ule udongo ulipopasuka nikaona vijiuzi vyeupe vimetoka kwenye vimbegu vya kahawia, vingine vimeshazama chini kabisa. Nikajisemea, ndiyo maana hazikuota, zimeshikwa na kuvu! Nikafunika na majani makavu nikaenda zangu kunywa chai.

Kuvu gani, mkuu. Ile ilikuwa mizizi. Mbegu zilikuwa zimeota kitambo, mimi ndiye niliyekuwa nasubiri jani.

Sasa shika hili, mengine yote ukiyasahau si kitu. Aktea haioti kwa mkupuo mmoja. Mbegu inapodondoka kutoka kwenye ganda lake, kiinitete kilichomo ndani bado ni kidogo mno, hakijakomaa. Kinahitaji udongo wenye unyevu na uvuguvugu ili kikue humo humo ndani ya mbegu, na kikishakua ndipo kinatoa mzizi. Mzizi tu. Chipukizi linabaki limefungwa, na haliamki mpaka lipitiwe na baridi ya miezi kadhaa. Baridi ikipita na udongo ukaanza kupata joto tena, ndipo jani linachomoza. Kwa hiyo ni joto, halafu baridi, halafu joto. Peoni nao wana tabia hiyo hiyo, na baadhi ya yungiyungi wa bustanini (Lilium) pia, kwa hiyo usidhani aktea ina visa vya peke yake.

Ukianza na friji, mbegu haifi. Ila zile wiki sita umezitupa, kwa sababu kiinitete bado hakijafika hatua ya kunufaika na baridi. Ukiitoa na kuiweka kwenye joto, ndiyo kwanza inaanza safari yake: inatengeneza mzizi chini kimya kimya, juu huoni hata dalili. Na ni wakati huo huo ambapo pakiti imekuahidi majani, na mtu mwenye haraka zake anafika na koleo.

Huyo aliyeandika ile pakiti ningempata ningemkalisha mbele ya trei mpaka azeeke. Ameandika "wiki sita za baridi" nyuma ya kila mbegu ya maua anayouza, awe anauza aktea, awe anauza kitu kingine kabisa, maandishi yale yale. Halafu kuna yule bingwa wa video niliyemfuata baada ya hapo. Anaweka mbegu friji, video inakatwa, mara anatoa miche ya kijani imejaa trei, anatabasamu. Katikati pamepita nini? Hasemi. Nilimuuliza kwenye maoni, akanijibu kwa kidole gumba. Ahsante sana mwalimu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kulalamika: kuna wauzaji wanauza "aktea" na wengine "simisifuga". Ni mmea uleule. Linnaeus aliuita Actaea racemosa mwaka 1753, baadaye ukahamishiwa kwenye Cimicifuga, na mwaka 1998 wanabotania wakaurudisha kwenye Actaea. Duka nililonunua mimi liliziorodhesha kama mimea miwili tofauti kwa bei mbili tofauti. Ndiyo, nilinunua zote mbili. Ndiyo, nilizipanda sehemu mbili ili nilinganishe. Chekeni tu, nimezoea.

Kinachouma zaidi ni hiki. Baridi ilipoisha mwaka uliofuata, kwenye lile lundo la mboji vikatokea vimche: majani mawili ya kwanza ya mviringo, kisha jani lenye vipande vitatu na kingo za meno meno. Nikavikuta pale nikaving'oa kwa fujo, maana mtu anayejua bustani haachi magugu yatawale mboji yake, au siyo? Vya mwisho viwili vilinusurika kwa sababu simu iliita. Nilipovitazama vizuri nilikaa chini. Zile nilizozilea hazikunipa kitu, nilizozitupa ndizo zilizoota, kwa sababu lundo lilizipa nilichozinyima mimi: uvuguvugu, unyevu, kipupwe, na mtu asiyezichungulia.

Kwa hiyo fanya hivi. Hiyo trei iweke ndani, joto la kawaida la chumba, kama nyuzi 20 hivi, iwe na unyevu bila kutota. Mbegu ziwe zimefunikwa kwa udongo usiofika sentimita moja. Iache miezi miwili hadi mitatu. Udongo usikauke hata mara moja, maana mzizi ukishatoka ukakauka hakuna kurudi nyuma. Kama huna nafasi, changanya mbegu na mchanga wenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, hapo utaona mizizi ikitoka bila kufukua. Ukishaiona, ndipo friji, nyuzi kama 4, miezi mitatu hivi. Friji, siyo sehemu ya kugandisha barafu! Kisha itoe pole pole kwenye mwanga usio mkali.

Hutaki usumbufu wa friji? Kama kwenu kuna kipupwe cha kweli, acha trei nje kivulini, ifunike na wavu panya wasifukue, majira yenyewe yafanye kazi. Itachukua muda mrefu zaidi, na mbegu iliyokaa kavu dukani hulala fofofo, mara nyingi hungoja mpaka kipupwe cha pili kipite. Andika kibao chenye jina na tarehe ukichomeke, na useme na watu wa nyumbani kwamba hiyo trei ya udongo mtupu haiguswi. Ikifika mwaka bila jani, haiguswi. Ukiona kimeota kimoja tu, bado haiguswi, wenzake wanaweza kufuata msimu unaokuja.

Uliuliza na mengine. Kivuli: ndiyo, kivuli chepesi, kwao asili ni misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, jua kali la mchana kwenye udongo mkavu linaunguza kingo za majani. Udongo wenye mboji nyingi na unyevu. Urefu: mita moja na nusu hadi mbili na zaidi maua yakisimama, kwa hiyo usiuweke mbele ya vifupi. Maua tegemea kuanzia mwaka wa tatu au wa nne, wakati mwingine zaidi, na hayo meupe unayoyaona si petali, ni stameni (vijiti vya chavua) zimejazana. Harufu yake wengine hawaipendi, usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala. Konokono wanapenda miche michanga, hilo nimesahau kama uliuliza. Kuhusu rangi za maua ya kupanda jirani na aktea na lile swali la mbolea, wadau wengine watakusaidia, mimi akili yote imebaki kwenye hiyo trei.

Ila nijibu hili: pakiti yako imeandikwa mbegu zilivunwa mwaka gani? Kama ni za msimu huu, fanya nilivyosema. Kama hazina tarehe kabisa, anza na joto vile vile lakini jiandae kwa misimu miwili, na ukiweza tafuta mwenye mmea umwombe mbegu mbichi punde maganda yanapoanza kukauka na kulia ukiyatikisa.