Mtoto anaweza kufanyishwa mazoezi kwa video ya simu?

SWALI: Shikamoo mama. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Alipozaliwa alichelewa kulia. Mwaka jana tulimpeleka hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Hadi sasa anakaa akishikwa tu, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, mkono wa kulia kaukunja ngumi, na akila anapaliwa. Tunaishi Newala, tunategemea korosho, kwenda Dar kila mwezi hatuwezi. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia anasema anaweza kutuhudumia kwa video kila baada ya wiki mbili. Mwingine nimempata kwenye kundi la WhatsApp, anasema nikilipa kwanza mtoto atatembea ndani ya miezi mitatu. Mama mkwe anasema mtoto hatibiwi kwa simu. Nimsikilize nani?
Mama wa Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa miezi mitatu achana naye leo hii, usimtumie hata shilingi. Hajamwona mtoto, hajauliza anakulaje wala analalaje, tayari ameshataja siku ya kutembea. Jeraha lililotokea kwenye ubongo wa mwanao halifutiki, na halisambai pia. Kinachobadilika ni mwili unapokua: misuli iliyokaza hufupika, na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kutoka taratibu kwenye nafasi yake nyongani. Tena nikwambie lililo gumu, kwa sababu una haki ya kulijua. Mtoto aliyefika miaka mitatu bila kukaa mwenyewe, mara nyingi atahitaji kitembezi au kiti cha magurudumu. Lakini kukaa vizuri, kula bila kupaliwa, kuushika mkono wa bibi yake na kuonyesha anachotaka, hayo yanafundishika, na umri wake ndio huu wa kujifunza.

Mama mkwe naye ana hoja. Simu haimtibu mtoto. Mikono yako na yake ndiyo itakayofanya kazi, na mtaalamu wa kwenye video kazi yake ni kuiangalia mikono hiyo na kuirekebisha. Kwa hiyo mpime kwa jambo moja: anataka akuone wewe ukimhudumia mtoto, au anakutumia tu picha za mazoezi ya watoto wengine? Kama ni hilo la pili, bando lako litaisha bure. Kumnyoosha mtoto miguu asubuhi na jioni huku yeye amelala tu hakumfundishi kitu. Ubongo hujifunza pale mtoto mwenyewe anapojaribu kufanya jambo analolitaka, akarudia na kurudia, hapo hapo nyumbani anapolihitaji. Ndiyo maana huduma ya nyumbani, ikiwa mzazi amefundishwa na anafuatiliwa, nina imani nayo sana.

Mimi ningeanza na chakula, kabla ya miguu. Najua kila mama anatamani miguu kwanza, ila kupaliwa ndiko kunakoniogopesha: uji ukiingia kwenye mapafu huleta nimonia, na nimonia inaua. Egemeza simu kwenye ndoo, mwanga utoke mbele yenu, na simu imchukue mtoto kwa ubavu kuanzia kichwani hadi miguuni. Mlishe kama siku zote, usijipange kwa ajili ya kamera. Dakika mbili zinatosha. Mara nyingi nikiangalia video za namna hii namwona mtoto amelazwa mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa kwa kikombe. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na uji unashuka usikotakiwa. Mkalishe wima, nyonga zimekunjwa, nyayo zimepata pa kukanyaga, kidevu kimeinama kidogo. Wewe kaa mbele yake, chini kidogo ya macho yake. Uji uwe mzito, kijiko kidogo kitoke mbele, si juu, na usiongeze kingine mpaka umwone amemeza. Mlo utachukua muda mrefu, nalijua hilo, na ndiyo sababu namtaka bibi naye ajifunze. Msimu wa korosho ukifika, si yeye atakayebaki na mtoto?

Mtandao ukisumbua, usilazimishe video ya moja kwa moja. Rekodi wakati wa mchana, itume penye mtandao, kisha mpigiane simu ya kawaida mkiwa wote mmeshaitazama. Rekodi unavyomnyanyua kitandani, unavyomvalisha, unavyombeba. Hapo ndipo mazoezi yalipo. Ukimbeba mgongoni kwa kanga, au ubavuni akiwa amekutagaa, miguu ile inayopishana inakaa imeachana kwa muda mrefu kuliko zoezi lolote nitakalokupa. Kuhusu mkono wa kulia, mpe kitu kinachodai mikono miwili, kama kisufuria chenye masikio mawili, akiwa amekaa na wewe umemshika kiunoni. Msubiri ajaribu. Usimfanyie haraka.

Kubalianeni lengo moja tu kwa miezi michache ya mwanzo, na mlichague ninyi wa nyumbani, si mtaalamu. Tena muulize nani mwingine ataziona video hizo, na zikishatazamwa zinafutwa lini. Mtoto akiwa anaoga usimrekodi kabisa, na video yake yoyote isipelekwe kwenye kundi.

Yapo ambayo simu haiwezi. Haiwezi kugusa msuli na kujua umekaza kiasi gani, haiwezi kupima vifaa vya kunyoosha miguu, haiwezi kuona ndani ya nyonga. Kwa hiyo msikubali huduma ya video peke yake. Hospitali ya Ndanda si mbali kwenu kama Dar. Nendeni mkaulize kuhusu eksirei ya nyonga zote mbili, hata kama halalamiki maumivu, na daktari awaambie irudiwe lini. Macho na masikio navyo viangaliwe. Kiti cha kumsaidia mtoto kukaa pia kinataka vipimo vinavyochukuliwa kwa mkono. Si lazima kiwe cha bei: kuna viti imara vinavyotengenezwa kwa maboksi na makaratasi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi ulioanzia Zimbabwe, na fundi akielekezwa vizuri anavimudu.

Akipata degedege, akipata homa na kikohozi siku alizopaliwa, akilia ukimpanua mguu mmoja, au uzito ukishuka, usingoje siku ya video. Mpeleke hospitali.

Kwa mama mkwe, usibishane naye. Mweleze kwamba mtaalamu ameomba kumwona yeye akimlisha mjukuu, maana kalea wengi. Baba wa mtoto naye awepo siku ya kwanza, amshike mtoto mwenyewe, asiishie kushika simu. Na kabla ya kikao hicho cha kwanza, mtumie mtaalamu picha ya kadi ya kliniki, karatasi mliyopewa CCBRT na majina ya dawa zote anazotumia mtoto, pamoja na ile video ya uji.