Ustadhi anayepiga hijama nyumbani: kibali kinahitajika au hakihitajiki?

Mleta mada, unasema ulimuuliza kibali jirani yako ustadhi anayepiga hijama (kuumika, yaani kuchanja ngozi na kuvuta damu kwa vikombe), naye kakujibu "maneno ya Mungu hayaombewi ruhusa serikalini". Ana ukweli nusu. Nilikuwa msaidizi wa mjomba wangu Tanga, naye ni mpiga hijama, kwa miaka minne, nitakwambia niliyoyaona.

Kumsomea mtu ruqya (aya na dua za kumponya) hakuna aliyewahi kuja kutuuliza. Mambo yanabadilika ukishika wembe, au ukianza kuuza unga wa habasoda wenye jina lako. Hapo umeingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, ndiyo iliyounda Baraza la kusajili waganga (hiyo ni ya bara, Zanzibar wana yao). Mganga anasajiliwa kivyake, kituo kivyake, dawa kivyake. Mjomba alidhani cheti chake kinabeba na chupa zilizopangwa rafuni. Wapi!

Tulichukua barua serikali ya mtaa, tukaenda kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Nilijiandaa kuulizwa aya. Yeye akauliza nyembe tunatupa wapi. Tulikuwa tunazitia kwenye kopo la rangi lisilo na kifuniko, nikaona aibu. Akatutaka tuwe na boksi la njano kama la zahanati, glavu, na wembe mpya kwa kila mtu.

Tungemwendea mapema ningeshukuru zaidi. Kabla ya hapo tulimchanja mzee mmoja mgongoni bila kumuuliza kama ana kisukari. Wiki ya pili mwanawe akaja na picha kwenye simu, hakupiga kelele, alituonyesha tu vile vidonda. Mjomba akalipa gharama za hospitali zote bila ubishi, kwani hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Daudi anaijua: anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi dhamana iko juu yake. Wanaosema kusajiliwa ni vita dhidi ya dini sijui hadithi hiyo wanaipitia wapi.

Ila ustadhi akikufungulia kitabu na kukutajia shangazi yako kuwa ndiye aliyekuroga, ondoka. Hiyo si tiba tena, hapo kaingia kwenye Sheria ya Uchawi, inayokataza kumtaja mtu kuwa mchawi.

Kilichobaki bila jibu kwetu ni kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini kisha zinaoshwa kwa maji. Zafarani, sahani nyeupe, maji ya waridi, mgonjwa anakunywa: ni dawa au ni ibada? Nilimuuliza mratibu, akacheka, akafunga faili lake. Mjomba bado anaandika makombe kila Alhamisi, na cheti kiko ukutani juu ya kile kitanda cha hijama.