Mzigo usioingia kwenye kontena: majibu kwa wasomaji

*Siku hizi kila kitu ni kontena. Kampuni za meli za shehena mchanganyiko zinaishije?*

Zinaishi kwa vitu vilivyokataa kuingia humo. Kontena refu la kawaida ni futi 40, kama mita 12. Bawa moja la mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyopitia bandari ya Mombasa, ni zaidi ya maradufu ya hapo. Spliethoff ya Amsterdam ilianza mwaka 1921 na bado ipo. Kampuni dada yake, BigLift, ina meli yenye kreni mbili, kila moja ya kuinua tani 900.

*Kreni ikining'iniza transfoma ubavuni, mbona meli haipinduki?*

Pampu huhamisha maji ya matangi kwenda upande wa pili kadiri mzigo unavyotoka nje. Ndiyo maana kazi huenda polepole.

*Nondo zangu zimeshuka na kutu. Wakala anasema ni mvua tu. Nifanyeje?*

Pole, ndugu. Usizihamishe kwanza. Ita mkaguzi anayejitegemea aje na nitrati ya fedha. Atadondosha tone juu ya kutu. Likigeuka jeupe kama maziwa, hapo pana chumvi, huenda ya maji ya bahari yaliyoingia melini. Mvua haiachi weupe huo. Lakini usishangilie mapema: chumvi inaweza kuwa ya yadi iliyo kando ya bahari kabla ya kupakia. Kwa hiyo soma hati ya shehena, ile inayotolewa meli inapopokea mzigo. Ikiwa msaidizi wa nahodha aliandika kwamba vifurushi vilipokelewa vikiwa na kutu, dai lako limedhoofika sana. Ikiwa hati ni safi, yaani haikuandikwa kasoro yoyote, una nguvu. Andika barua ya malalamiko siku hiyohiyo. Kanuni za Hague, za kimataifa kuhusu mizigo ya baharini, zinazotajwa kwenye hati nyingi, zinatoa siku tatu za kulalamika kwa uharibifu usioonekana wazi, na mwaka mmoja wa kufungua kesi. Nimeona watu waungwana wakipoteza haki yao kwa kungoja simu ya wakala.

*Nimepewa nauli nafuu "bila kupakia wala kupakua". Nikubali?*

Usikubali kabla ya kujumlisha. Vibarua, kufunga mzigo melini na kuushusha gatini vyote vitakuwa juu yako, na meli ikichelewa kwa sababu yako utalipa kwa siku. Omba bei zote mbili, yenye kupakia na kupakua na isiyo nayo, uzilinganishe kwa tani.