Enro ndani ya mayi ya kunywa ya kuku kila wiki? Mimi nasema hapana

Yaya, umeuliza kama ni vizuri kuwapa vifaranga enrofloksasini (enro), antibiotiki ya mifugo, kila wiki ili wasikufe, mimi nafuga kuku wa nyama huku Ruashi, Lubumbashi, na nakuomba sana uache hiyo kitu.

Enro na sipro (siprofloksasini), ile tunayomeza sisi kwa tifoidi, ni ndugu wa damu, zote ni za kundi moja la antibiotiki linaloitwa fluorokinoloni, tena ndani ya mwili wa kuku sehemu ya enro inageuka sipro yenyewe. Vijidudu vikishaizoea kwenye banda lako, siku mtoto ameandikiwa sipro haimsaidii, na huku kwetu baada ya sipro dawa zinazobaki ni za bei kali.

Marekani walipitia hiyo njia. Waliruhusu fluorokinoloni kwa kuku 1995 na 1996, kisha watu wakawa wanaharisha kwa kijidudu kinachoitwa kampilobakta na sipro haifanyi kazi. Kampilobakta inakaa kwenye matumbo ya kuku bila kumsumbua, mfugaji haoni kitu. Mwaka 2000 FDA, ofisi yao ya dawa, ikataka ziondolewe, kampuni ya dawa Abbott wakaondoa dawa yao sokoni, Bayer, wenye enro, wakabishana mpaka Septemba 2005 ndipo enro ikakatazwa kwa kuku. Hoja moja ilinigusa: ukitia dawa kwenye mayi banda zima linakunywa, hata wazima, na yule mgonjwa njo anakunywa kidogo kuliko wote!

Sasa vifaranga vyako vinakufa kwa nini? Angalia hilo kwanza. Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi baridi ni kali, ingia bandani saa tisa ya usiku na tochi, ukikuta wamerundikana kona moja wanakanyagana basi wanataka joto la makala, hawataki dawa. Mavi yenye damu mara nyingi ni koksidia, kijidudu cha matumbo kisicho bakteria, na enro haiiwezi. Shingo kupinda, mavi ya kijani, vifo vya ghafla, fikiria ugonjwa wa Newcastle, hiyo ni virusi na kinga yake ni chanjo, hakuna antibiotiki itakayoiponya hata umwage chupa nzima.

Na yule wa sokoni anayepimia dawa kwenye chupa tupu isiyo na etiketi, usinunue kwake, hujui nguvu yake, hujui imeisha muda lini, hujui ungoje siku ngapi kabla ya kuchinja. Kwa kuku wa mayai ndiyo kabisa, Ulaya enro hairuhusiwi kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa.

Tafuta veterineri, wako wengi waliosomea hapa hapa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, apasue aliyekufa aone. Akisema enro inatakiwa kweli, toa siku zote alizoandika, changanya mpya kila asubuhi, usiweke mayi mengine pembeni, halafu hesabu siku za kungoja kuanzia dozi ya mwisho, hata kama mteja wa harusi anapiga simu kila saa.